Picha za Maggie ziko wapi? Jibu kwa mwandishi wa katuni ya familia

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naandika mswada wa katuni ya familia, ya dakika 22. Baba ni fundi cherehani mjini Morogoro, ana mke na watoto wawili watundu. Niliwasomea marafiki zangu. Walicheka vizuri hadi ukurasa wa mwisho, pale mama anapowaeleza watoto jinsi baba yao anavyojinyima kwa ajili yao. Hapo wakanyamaza, mmoja akatoa simu yake mfukoni. Mimi nilitaka waguswe. Kuna episodi moja ya The Simpsons, katuni ya Kimarekani ya familia, ile ya picha za mtoto Maggie, ambayo kila nikiitazama nacheka tangu mwanzo, halafu mwishoni machozi yananitoka. Nimeitazama mara nyingi na bado sioni wanafanyaje. Naomba unifumbulie.

Marahaba, mwanangu. Umechagua episodi nzuri ya kujifunzia. Katika zote ninazozijua za mfululizo huo, sijaona nyingine ambayo mwisho wake umefungwa na mwanzo wake kwa fundo gumu namna hii.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona, inaitwa "And Maggie Makes Three". Ni ya msimu wa 6, ilirushwa Marekani Januari 22, 1995. Mswada uliandikwa na Jennifer Crittenden na mwongozaji alikuwa Swinton O. Scott III. Familia ya Simpson imekaa sebuleni inapekua albamu, na watoto wanagundua kwamba Maggie, kitinda mimba wao, hana hata picha moja. Kulikoni? Homer, baba yao, anaanza kusimulia. Mwaka 1993 alikuwa amemaliza madeni yake yote. Akapiga hesabu akaona mshahara mdogo ungeitosha familia yenye watoto wawili, basi akaiacha kazi anayoichukia kwenye kituo cha umeme wa nyuklia cha bwana Burns, akaenda kwenye kazi aliyoiota: kibarua katika ukumbi wa boling, mchezo wa kuviringisha mpira mzito kuangusha vigingi. Wakasherehekea, yeye na mkewe Marge, na ni katika kusherehekea huko ambapo Marge alishika mimba. Hesabu ikaharibika. Kwa watu watano mshahara wa boling haukutosha, na Homer akalazimika kurudi kwa Burns. Kilichotokea ofisini baada ya kurudi ndiko mwisho ulikofichwa, nitakufikisha huko.

Kwanza tazama jinsi msuko, yaani mpangilio wa matukio, ulivyosukwa. Hakuna balaa linalotoka nje. Hakuna mwizi, hakuna ajali, wala mjomba tajiri anayekufa ghafla. Furaha ya Homer ndiyo iliyozaa kinachomnyang'anya furaha hiyo. Asingekuwa na la kusherehekea, mimba isingekuwapo, na mimba isingekuwapo, angebaki boling hadi leo. Miswada mingi ninayoletewa ina matukio yanayofuatana tu, la kwanza likiisha la pili linaanza, kama magari kwenye foleni. Hapa kila tukio limezaliwa na lililotangulia. Kwa hiyo mtazamaji anapofika mwisho hajihisi ameburutwa.

Sasa vichekesho, maana swali lako liko hapo hasa. Unadhani sehemu ya kuchekesha ni moja na sehemu ya kuliza ni nyingine, na kwamba kazi yako ni kumhamisha mtazamaji kutoka chumba hiki kwenda kile. Ndivyo ulivyouandika ukurasa wako wa mwisho. Crittenden hakuhama chumba. Vichekesho vyake vimeshika mizigo ya mwisho tangu mwanzo, ila mtazamaji yuko kwenye kicheko, haoni mizigo.

Nikuonyeshe kimoja kwa karibu. Marge anajua ana mimba, lakini hataki kumwambia mumewe kwa sababu anamwona ana furaha ambayo hajawahi kuwa nayo. Siri inawafikia dada zake wawili, Patty na Selma. Wao wanawaambia watu wawili tu, na hao wawili ni wambeya wakubwa kuliko wote mjini. Habari zinaenea mji mzima, anabaki Homer peke yake. Watu wanampongeza barabarani, naye kila pongezi anaipokea kama ya kazi mpya. Moe, mwenye baa, anampongeza waziwazi kwa kumpa mkewe mimba. Homer anaona maneno hayo yanaanza kuwa mafumbo mazito, lakini anashukuru tu na kusema kwamba kweli anaipenda kazi yake ya boling. Anarudi nyumbani anakuta wageni wamejaa, zawadi za mtoto zimetandazwa sebuleni, bado hashtuki. Mpaka mgeni mmoja anampongeza kwa kazi mpya. Hapo ndipo anaruka: kumbe Marge ana mimba!

Simama hapo kidogo. Darasani tuliita hali hii kinaya: mtazamaji anajua, mhusika hajui. Mwandishi wa kawaida angeishia kwenye kinaya hicho na kutafuta njia yoyote ya kumfungua macho Homer. Huyu alikigeuza. Pongezi za mimba zilisikika kama za kazi, kwa hiyo pongezi ya kazi ndiyo itakayosikika kama ya mimba. Kichwa cha Homer kilikuwa na mlango mmoja tu, ukafunguka kwa upande wa pili. Tunacheka kwa sababu hatukuutarajia, na papo hapo tunaona kwamba haukuweza kuwa mwingine.

Hiyo ni kazi ya kwanza ya kichekesho kile, na yenyewe ingetosha. Lakini kwa dakika kadhaa umemwona mtu ambaye hawezi kusikia kitu chochote isipokuwa furaha yake. Hakuna aliyekuambia kwamba Homer anaipenda kazi ile kupita kiasi. Umelipima pendo hilo kwa ukubwa wa uziwi wake. Na kimya cha Marge kimekuambia mke naye anajua uzito wa kitu kinachokaribia kupotea. Mtazamaji anadhani amecheka tu, kumbe amebebeshwa thamani ya kile ambacho Homer atakitoa baadaye. Bila kicheko hicho, kule mwisho asingekuwa na cha kumlilia.

Kuna takriri, yaani urudiaji, ya nywele pia, ambayo sitakaa nayo sana. Tunarudishwa kwenye mimba za watoto wakubwa, ya Bart, kisha ya Lisa: Homer akipata habari anapiga kelele, anajing'oa nywele na kukimbilia ghorofani. Ni kichekesho cha macho, cha haraka, kinachoeleza upara wake kwa chuku. Lakini usikidharau, kwa kuwa kinaweka kwenye rekodi kwamba baba huyu hapokei habari za mtoto kwa shangwe. Mtazamaji anaambiwa, katikati ya kicheko, ukweli usiopendeza kuhusu baba. Wewe katika mswada wako umemfanya fundi cherehani awe mwema kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu aliyekuwa mwema siku zote hana pa kufika.

Tukifika kwenye kuacha kazi na kurudi, wahenga wetu wanajulikana kwa kulisema hili vizuri kuliko mwalimu yeyote wa uandishi: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi kila nikiitazama episodi hii naona methali hiyo imechorwa, tena kwa maana zake zote mbili. Homer anaondoka kazini kwa dharau kubwa. Anaupiga upara wa Burns kama ngoma. Halafu anachoma daraja akiliacha nyuma yake, daraja la kweli, moto wa kweli. Waingereza na Wamarekani wana msemo kuhusu kuchoma madaraja wanapomzungumzia mtu aliyeharibu uhusiano asiweze kurudi alikotoka. Wachoraji wameuchukua msemo ule kwa maana yake ya neno kwa neno, wakauwasha kiberiti. Katuni ina ruhusa hiyo. Katika filamu ya waigizaji, kuteketeza daraja kwa kichekesho cha sekunde chache ni gharama ya kutisha, lakini kwa mchoraji daraja linaloungua na mtu aliyekaa kwenye kochi ni kalamu ileile.

Anaporudi, anakuta milango miwili. Wanaoomba kazi wana mlango wa kawaida. Wanaokuja kusihi wana kimlango cha chini sana, ambacho huwezi kupita bila kutambaa. Homer anatambaa. Hapa nakuomba utazame kwa makini, kwa sababu ndipo kicheko kinapoanza kubadilika rangi bila mtu kusema neno. Ubunifu ni uleule wa darajani: msemo umegeuzwa kuwa kitu. Kule kuvunja uhusiano kulikuwa moto, hapa kunyenyekea ni mlango mfupi. Lakini mara ya kwanza tulicheka pamoja na Homer, mara hii yeye yuko sakafuni. Mbinu haijabadilika hata kidogo, na ndiyo maana hatukustuka kwamba hadithi imebadilika.

Kabla ya hapo alijaribu kujiokoa. Alimwomba mwenye ukumbi amwongeze mshahara, akaambiwa biashara hairuhusu, basi akaamua kuikuza biashara yenyewe. Akasoma kuhusu masoko. Mpango wake ukawa kusimama nje ya ukumbi na kufyatua bunduki hewani akiwaita watu waje kucheza. Ni upuuzi mtupu na unachekesha sana. Lakini unatimiza sharti ambalo sisi waandishi tunalisahau: mhusika lazima apigane kabla hajashindwa, apigane kwa akili aliyonayo. Angerudi kwa Burns bila kujaribu, tungemwona mvivu.

Niseme kuhusu fremu, yaani ile sebule na albamu. Tunaita kisengerenyuma pale hadithi inaporudi nyuma, na wanafunzi wengi wanakitumia kama kabati la kuwekea maelezo yaliyokosa nafasi. Kwa The Simpsons kina sababu ya ndani. Wahusika wao hawakui: Bart ana miaka 10, Lisa 8, Maggie mmoja, msimu hadi msimu. Wakati kwao hauendi mbele, kwa hiyo ukitaka kuonyesha maisha yanavyombadili mtu, njia iliyobaki ni kurudi nyuma. Walikuwa wamekwisha kufanya hivyo: Januari 1991 walionyesha Homer na Marge walivyokutana, Desemba mwaka huohuo wakaonyesha ndoa yao na ujio wa Bart, na Desemba 1992 ikawa zamu ya Lisa. Mtazamaji mwaminifu wa mwaka 1995 alikuwa na deni moja anadai: la Maggie. Episodi inaanza kwa kumkumbusha deni hilo kwa swali la kitoto kabisa, picha zake ziko wapi?

Na wasikilizaji wa Homer hawakai kimya. Wanakatiza, wanadai, wanabisha. Sisi tuliokulia kwenye "Paukwa!" "Pakawa!" hatuhitaji kufundishwa kwamba hadithi ni ya wawili, anayetoa na anayepokea. Hata kabla albamu haijafunguliwa, familia inatazama kwenye televisheni kipindi kuhusu mashua inayosema na kukamata wahalifu. Watoto wanalalamika kwamba kila wiki, kwa bahati ya ajabu, mhalifu hukimbilia mahali penye mfereji au mkono wa bahari. Homer anawanyamazisha, hataki mashua isemwe vibaya. Nimesikia wachambuzi wakisema sehemu hiyo ni ya kujaza dakika. Sikubaliani nao. Watoto wamefundishwa, nasi pamoja nao, kukagua hadithi na kukataa mambo yanayojitokeza kwa urahisi mno. Dakika chache baadaye baba yao anapewa zamu ya kusimulia mbele ya wakaguzi haohao. Wakiikubali hadithi yake mwishoni, kukubali kwao kuna uzito.

Haya, ofisini. Burns hakumrudisha Homer kazini kwa wema. Amemtundikia ukutani, mbele ya meza yake, kibao kikubwa cha kumvunja moyo. Kimeandikwa kwa herufi kubwa za Kiingereza: DON'T FORGET: YOU'RE HERE FOREVER. Usisahau, uko hapa milele. Hicho ndicho Homer atakachokitazama kila siku ya kazi.

Kisha hadithi inarudi sebuleni, na watoto wanauliza tena: sawa, lakini picha za Maggie ziko wapi? Homer anajibu kwamba ameziweka mahali anapohitaji zaidi kupata faraja. Tunapelekwa ofisini. Picha zote za Maggie zimebandikwa juu ya kibao kile, zikafunika herufi nyingi na kuacha chache. Katika neno la kwanza zimebaki D na O, kipande cha N kinachosomeka kama I, na T. Katika FORGET imebaki FOR. Katika HERE imebaki HER. DO IT FOR HER. Fanya kwa ajili yake.

Hesabu sasa kilichotumika. Kibao ni cha adui. Herufi ni za adui, Homer hakuongeza hata moja. Picha ni zile zilizokosekana kwenye albamu tangu mwanzo. Mwandishi hakuleta kitu chochote kipya ili kututoa machozi. Alichukua swali lililoulizwa kama kichekesho na tusi lililotundikwa kama kichekesho, akaviweka kimoja juu ya kingine. Tena kukosekana kwa picha, ambako tulikuwa tunakusoma kama uzembe wa baba kwa mtoto wa tatu, kumbe kulikuwa kinyume chake. Ushahidi tuliodhani unamhukumu ndio unaomtetea.

Na hakuna anayeeleza. Marge hawaambii watoto kwamba baba yao anajitoa mhanga. Hakuna anayeshika kifua. Tunasoma ukuta sisi wenyewe, herufi kwa herufi, na katika sekunde zile mbili tatu za kusoma ndipo machozi yanapotoka, kwa kuwa ni sisi tuliolimalizia jambo. Mtu hulilia alichokigundua. Akiambiwa, hutikisa kichwa na kukubali, au hutoa simu mfukoni kama rafiki yako. Usimlaumu rafiki yako, alikuwa msikilizaji mwaminifu.

Jambo moja la kazi, kwa kuwa unaandikia katuni. Kwa wenzetu wale sauti hurekodiwa kabla ya kuchora, waigizaji wakiwa wamekwisha kuusoma mswada mezani, na uchoraji wenyewe kwa sehemu kubwa ulikuwa ukifanyika Korea Kusini. Mchoraji aliye mbali hivyo hawezi kubahatisha. Kama kibao, picha na mpangilio wa herufi havikuandikwa kwenye mswada kwa usahihi, havingefika kwenye kioo. Kwa hiyo usiandike "baba anaonekana mwenye upendo". Andika kitu kinachochorwa.

Turudi kwa fundi wako. Umeniandikia kwamba ni fundi cherehani, na mara moja nikafikiria daftari lake la vipimo. Kila fundi analo: jina la mteja, bega, kifua, urefu wa mkono. Katika onyesho lako la kwanza lifanye kichekesho. Ni chakavu, limefungwa kwa utepe, baba anaruka kama ameungua mtu akiligusa, anakula nalo, watoto wanalitania kwamba ndilo mtoto wake wa kwanza. Litaje tena katikati, labda anagombana na mteja anayedai hesabu zake zimekosewa. Hapohapo mwoneshe baba akikosea kweli mahali fulani: siku ya sikukuu watoto wa jirani wamevaa nguo mpya zilizoshonwa na yeye, watoto wake wamevaa za mwaka jana, nao wanamwambia fundi gani huyu. Asijibu. Au ajibu kwa ukali, itakuwa bora zaidi.

Halafu futa hotuba ya mama, yote, hata ile sentensi nzuri kuhusu mikono yake ambayo najua unaipenda. Mwishoni daftari lianguke, utepe ufunguke, na mtoto alione. Katikati ya majina ya wateja kuna kurasa mbili zenye majina yao wenyewe. Vipimo vya kila mwaka tangu walipozaliwa, bega limeongezeka inchi moja, urefu umeongezeka mbili, na mbele ya kila mwaka kuna neno moja kwa mwandiko wa baba: "kitambaa?" Mwaka baada ya mwaka, alama ya kuulizia ileile.

Mtoto asiseme kitu. Alifunge, aufunge utepe kama alivyoukuta. Ukimaliza, wasomee watu ambao hawakuwapo mara ya kwanza, na uwaangalie wanapofika kwenye lile neno. Kama yeyote atauliza kitambaa cha nini, tatizo haliko kwenye onyesho la mwisho. Rudi kwenye siku ya sikukuu, hapo ndipo hujaweka vya kutosha.